Wera za Benki ya Makampuni: Wale Wasee Wote Hupitisha Mkopo wa Milioni 300, na Venye Unaeza Kuingia

Ukiambia mathe umepata wera ya benki, picha inayomjia ni moja: kaunta, kioo, tai, na mashine ya kuhesabu noti. Wewe mwenyewe ukifikiria hiyo kazi, labda unaona ile picha ingine: msee wa seles amesimama kwa stegi na fomu za kufungua akaunti, jua kali, soli ya kiatu imeisha.

Zote mbili ni kazi za ukweli. Lakini kuna benki ingine ndani ya benki, huko orofa za juu Upper Hill na Westlands, na hauwezi kuiona ukienda kutoa pesa. Huko mteja si mimi na wewe. Mteja ni kiwanda cha unga, kampuni ya saruji, shirika la ndege, supamaketi yenye matawi kila kona. Hiyo ndiyo benki ya makampuni, na ndani yake kuna wera nyingi zenye wasee wa kampasi hawazijui hata majina.

Shida inaanzia hapo. Mtu anamaliza digrii, anatuma CV kwa benki kumi, kwa barua anaandika anataka "nafasi yoyote". Akiitwa intavyu anaulizwa, "Unajiona kwa dawati gani?" Anajibu, "Popote mtaniweka." Hilo jibu linaonyesha haujui wanafanya nini pale ndani, na paneli inahamia kwa msee mwingine.

Basi leo tufuate mkopo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna kiwanda fulani Industrial Area kinataka milioni 300 kununua mashine mpya kutoka ng'ambo. Kila hatua tutakutana na mtu, na kila mtu ataweka sahihi yake mahali. Shika hiyo stori ya sahihi, maana tutairudia.

Kwanza, benki ya makampuni ni nini?

Kila benki hugawanya wateja wake kwa ukubwa. Wewe na akaunti yako ya mshahara uko upande wa watu binafsi. Mama mwenye duka tatu za hadweya yuko upande wa biashara ndogo na za kati. Kampuni ikipitisha kiwango fulani cha mauzo kwa mwaka, inahamishwa upande wa makampuni. Kiwango chenyewe kila benki hujiwekea.

Kampuni kubwa haitaki tu mkopo. Inataka ovadrafti ya kulipa wafanyakazi kabla wateja walipe, dhamana ya kuingia kwa tenda, dola za kununua malighafi, mfumo wa kulipa watu elfu moja kwa siku moja, na mtu wa kupigia simu saa moja usiku kitu kikikwama.

Kuna sheria moja unafaa kuijua hata kabla ya intavyu. Sheria ya Benki ya Kenya hairuhusu benki kumkopesha mteja mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi. Benki yenye mtaji wa bilioni 3 inaishia milioni 750 kwa mteja mmoja. Yenye bilioni 10 inaenda hadi bilioni 2.5. Ndiyo maana mikopo mikubwa sana hupikwa na benki kadhaa zikishikana. Na ndiyo sababu moja watu wanafuatilia hii stori ya mtaji: sheria iliyobadilishwa mwisho wa 2024 inataka kila benki ifikishe mtaji wa bilioni 10 kufikia mwisho wa 2029, kutoka bilioni 1 ya zamani, ikipanda polepole kila mwaka. Benki ndogo zitatafuta wawekezaji ama ziungane, na benki zikiungana madawati hupangwa upya.

Meneja wa uhusiano: huyu ndiye uso wa benki

Wasee humuita RM. Ndiye anamjua mwenye kiwanda, mkurugenzi wake wa fedha, na hata siku yenye mashine ya zamani iliharibika. Anapewa kundi la kampuni za kulea na tageti: mikopo mipya kiasi hiki, amana kiasi hiki, mapato ya kubadilisha dola kiasi hiki.

Kutoka nje inaonekana ni kazi ya suti, lanchi na gofu. Sehemu kubwa ni kuzunguka viwanda na buti na helmeti, kuangalia stoo kama kweli imejaa, kuhesabu malori, na kuuliza maswali bila kumkasirisha mwenye mali. RM mkali akiingia kiwandani anaangalia vitu vidogo. Mashine ngapi zinafanya kazi? Wafanyakazi wa zamu ya usiku bado wako? Wanalipwa kwa wakati?

Kazi hii haitolewi kwa mtu ametoka kampasi juzi. Wengi huanza kama msaidizi wa RM: unakusanya makaratasi, unaandika ripoti za ziara, unafuata mteja alete vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Ukiwa mtu wa watu na hauogopi simu, hii njia ni yako. Ukiwa mtu wa kujificha nyuma ya kompyuta, endelea kusoma.

Mchambuzi wa mikopo: hapa ndipo hesabu hutoa jibu

RM akileta ombi la milioni 300, linatua kwa dawati la mchambuzi. Huyu hapendi stori, anapenda namba. Anachukua vitabu vya miaka mitatu, anaviingiza kwa Excel, halafu anauliza swali moja: hii kampuni italipa na nini?

Tufanye hesabu ya haraka. Tuseme kiwanda kikilipa gharama zote na ushuru, kinabaki na milioni 90 kwa mwaka. Mwenyewe anataka milioni 300 kwa miaka 5, riba asilimia 14. Mwaka wa kwanza atalipa milioni 60 za mkopo wenyewe na milioni 42 za riba. Jumla ni milioni 102. Ana 90. Haitoshi, hata kabla ya mvua kunyesha ama stima kupotea.

Mchambuzi wa kawaida ataandika "kataa". Mchambuzi mzuri atarudi kwa RM na njia ingine: mwenye kiwanda aweke milioni 90 zake, benki itoe 210, na muda uwe miaka 7. Sasa mwaka wa kwanza ni milioni 30 za mkopo na milioni 29.4 za riba, jumla 59.4. Ukigawanya 90 kwa 59.4 unapata 1.5. Yaani kwa kila bob moja ya deni, kampuni ina bob moja na nusu. Benki huita hiyo namba DSCR, na ukiweza kuieleza hivi kwa intavyu bila kusoma karatasi, umewapita wengi.

Hii ndiyo wera bora ya kuanzia kwa mtu amesoma uhasibu, uchumi, fedha, takwimu ama akchuaria. Ni masaa marefu na macho kuuma, lakini ndani ya miaka miwili utakuwa umeona matumbo ya kampuni nyingi kuliko wafanyabiashara wengi wanaona maisha yao yote. Wengi wa wale baadaye huwa ma-RM wazuri walianzia hapa.

Watu wa riski na kamati: wale wa kusema "zii"

Sasa ripoti inaenda kwa idara ya riski. Hawa hawana tageti ya kuuza, na hiyo ni makusudi. Anayetafuta mkopo asiwe ndiye anaupitisha. Wanasoma ripoti wakitafuta penye inavuja. Mteja mmoja ananunua asilimia ngapi ya bidhaa zote? Kampuni dada zinadaiwa wapi? Shilingi ikianguka itakuwaje? Mkopo ukiwa mkubwa, unapelekwa mbele ya kamati ya mikopo, na ukiwa mkubwa zaidi unafika hadi bodi.

Kama unadhani hawa ni watu wa kuharibia wengine raha, kumbuka Nakumatt. Ilikuwa supamaketi kubwa kuliko zote hapa, matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa macho ilikuwa imeomoka. Nyuma ya pazia madeni yalikuwa yamepita bilioni 30, kwa benki, wenye nyumba, na wale walikuwa wakileta bidhaa. Rafu zikaanza kubaki tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Waliosota zaidi ni wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo walioleta maziwa na mkate kwa deni.

Kwa hivyo "zii" ya mtu wa riski si roho mbaya. Wakati mwingine inaokoa hata yule amekataliwa.

Mawakili na watu wa dhamana

Mkopo ukipita, bado pesa haijatoka. Mwanasheria wa benki anaandika mkataba na kusajili dhamana: taito ya shamba, dibencha juu ya mali yote ya kampuni, ama mashine zenyewe. Tangu sheria ya dhamana ya mali inayohamishika ya 2017, kampuni inaweza kuweka hata magari, stoo ya bidhaa ama madeni inayodai wateja, na yote yanaandikwa kwa sajili moja.

Halafu kuna dawati lenye watu hawalipigii kelele: usimamizi wa mikopo. Hawa wana orodha. Bima ipo? Sahihi za wakurugenzi wote zipo? Stempu diuti imelipwa? Kitu kimoja kikikosa, hawafungulii pesa hata RM apige magoti. Ni wera nzuri kwa msee makini, na mara nyingi huchukua watu wa sheria wenye hawakutaka maisha ya kortini.

Tredi: mashine bado iko ng'ambo

Muuzaji wa mashine hamjui mwenye kiwanda wa Industrial Area. Hataki kutuma mzigo bila pesa. Mwenye kiwanda naye hataki kutuma pesa kabla ya kuona mzigo. Benki inaingia kati na hati inaitwa LC. Inaahidi muuzaji hivi: ukileta makaratasi yanayoonyesha umepakia mzigo venye tulikubaliana, tutakulipa.

Skia vizuri hapo: makaratasi. Kanuni za dunia nzima, zinaitwa UCP 600 na zilianza kutumika 2007, zinasema benki inashughulika na hati, haishughuliki na mzigo wenyewe. Kwa hivyo mtu wa tredi anakaa chini na invoisi, hati ya meli, bima na cheti cha ukaguzi, anasoma neno kwa neno. Jina la kampuni likikosewa, tarehe ikipita, hiyo ni kasoro, na malipo yanaweza kusimama. Kanuni zinampa siku 5 za kazi, zisizidi.

Ni kazi ya macho makali na ujuzi wake hauko kwa kila mtu. Kuna cheti chake cha kimataifa, CDCS, na ukikipata unaeza kufanya hii wera Nairobi, Dubai ama London, kwa sababu kanuni ni zile zile.

Kwa wale wa Mombasa na Eastleigh: benki za kufuata sharia, kama Gulf African Bank iliyoanza 2008, hufanya hii biashara bila riba. Kwa murabaha, benki inanunua mashine, halafu inamuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana, alipe polepole. Wanahitaji watu wanaojua benki na pia fiqhi ya biashara, na watu wa hivyo si wengi.

Trezari: dola inapanda, dola inashuka

Mashine inalipwa kwa dola. Mwanzo wa 2024 dola moja ilikuwa karibu bob 160. Miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Kwa kila dola milioni moja, hiyo ni tofauti ya milioni 30. Kiwanda kinaweza kufa ama kupona kwa sababu ya siku ya kununua dola.

Dila wa trezari ndiye anauza hizo dola, anampa mteja bei leo, ama anafunga bei ya miezi mitatu ijayo ili mteja alale usingizi. Wengine pale hununua bondi na hati za Hazina kwa niaba ya benki, na kuhakikisha benki ina pesa ya kutosha kila jioni. Nafasi ni chache, presha ni ya kila dakika, na simu hurekodiwa. Wanapenda watu wa hesabu wenye hawapanik. CFA inasaidia sana huku, na hata CIFA ya kasneb.

Malipo na operesheni: injini iko chini

Pesa sasa inatoka. Malipo makubwa ya shilingi hupitia mfumo wa Benki Kuu unaoitwa KEPSS, uliopo tangu 2005. Ya ng'ambo hupitia SWIFT. Kuna mtu anaandaa malipo, mwingine anahakiki, wa tatu anaachilia. Mtu mmoja hafanyi yote, hata kama ofisi imebaki watu wawili na ni Ijumaa jioni. Mahali hiyo kanuni inavunjwa ndipo wizi wa ndani huanzia.

Karibu nao kuna timu ya kuuzia kampuni mifumo: kulipa mishahara, kukusanya pesa kupitia nambari ya M-Pesa, kuunganisha programu ya hesabu ya kampuni na benki moja kwa moja. Hapa watu wa kompyuta wanapata wera kwa benki bila kusoma biashara hata siku moja.

Komplayansi na odita: polisi wa ndani

Kabla ya yote haya kuna mtu aliuliza: hii kampuni ni ya nani haswa? Pesa yake inatoka wapi? Hiyo ni komplayansi. Ukishawahi kuitishwa maelezo kwa kutoa ama kuweka pesa taslimu ya milioni moja kwenda juu, ulikutana na kanuni zao. Tangu Februari 2024, wakati Kenya iliwekwa kwa orodha ya kijivu ya FATF kuhusu pesa chafu, hili dawati limepata uzito zaidi.

Odita wa ndani hufika baadaye, anafungua faili na kuuliza nani alipitisha nini. Yeye haripoti kwa bosi wa mikopo. Anaripoti kwa kamati ya bodi.

Umuhimu wao tuliujua kwa njia ngumu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu ziliwekwa chini ya usimamizi: Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank. Watu waliamka asubuhi wakapata mlango umefungwa na pesa ya karo iko ndani. Bima ya amana wakati huo ilikuwa laki moja tu kwa mwenye akaunti. Ilipandishwa hadi laki tano mwaka wa 2020.

Mkopo ukichomeka: watu wa kuokoa

Mteja akikosa kulipa kwa siku 90, Benki Kuu inataka mkopo uhesabiwe kuwa mbaya, na benki iweke pesa kando kwa hasara inayokuja. Faili inatoka kwa RM, inaenda kwa timu ya kuokoa madeni.

Watu hudhani hawa ni wa kupiga mnada tu. Mnada ni mwisho, na hauji ghafla: kwa shamba, sheria inataka notisi ya miezi 3 kwanza, halafu ingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kabla ya hapo wanajaribu kupanga upya: kuongeza muda, kuuza sehemu ya mali, kuleta mwekezaji. Kwa Kenya Airways mwaka wa 2017, benki za hapa zilikubali kugeuza deni lao kuwa hisa, zikajikuta zinamiliki asilimia 38.1 ya shirika la ndege. Hiyo ni kazi ya watu wa kuokoa, mawakili na wachambuzi wakikesha pamoja.

Sasa, unaingia aje?

Milango ni kama minne.

1. *Mafunzo ya wahitimu*, zile wasee huita MT. Unazungushwa kwa idara tofauti kwa mwaka mmoja hivi ama zaidi, halafu unawekwa mahali. Ni chache na maombi ni mengi, kwa hivyo alama nzuri na mtihani wa hesabu wa mtandaoni ndivyo huchuja watu.

2. *Atachi.* Omba ukiwa mwaka wa tatu, usingoje gradi. Ukipelekwa kupanga faili, soma hizo faili. Ni shule ya bure.

3. *Kupitia kampuni za ukaguzi wa hesabu.* Miaka miwili ama mitatu ukikagua vitabu vya benki na viwanda, halafu benki inakuchukua kama mchambuzi ama odita. Njia ni ndefu lakini ni imara.

4. *Kaunta na seles.* Usiwadharau. Keshia wengi hupanda kwa kuomba nafasi za ndani, zenye watu wa nje hawazioni hata. Lakini kwa seles soma kontrakti vizuri kabla ya kusaini. Umeajiriwa na benki yenyewe ama na kampuni ya kati? Kuna mshahara wa msingi ama ni komisheni pekee? Muda ukiisha, kuna njia ya kuhamia ndani? Wasee wamemaliza miaka mitatu kwa jua wakidhani wako kwa ngazi, kumbe haikuwa ngazi yao.

Na usidhani lazima uwe umesoma benki. James Mwangi wa Equity alikuwa mhasibu. Alijiunga na Equity ikiwa chama cha nyumba chenye Benki Kuu ilikuwa imekiona kimefilisika. Paul Russo, aliyekuwa bosi mkuu wa KCB 2022, aliingia hiyo benki upande wa wafanyakazi. Kinachohitajika ni uwe mkali kwa kitu kimoja kwanza.

Karatasi za kusaidia: CPA kwa uhasibu, CIFA ama CFA kwa uchambuzi na trezari, sheria na diploma ya Kenya School of Law kwa mawakili. Usizifanye zote. Chagua dawati, halafu chagua cheti.

Kwa intavyu, jiandae hivi

Pakua ripoti ya mwaka ya hiyo benki. Iko wazi kwa tovuti yao. Jua faida yao, jua mikopo mibaya yao ni asilimia ngapi, jua sekta gani wanakopesha zaidi. Halafu chukua kampuni moja iliyo soko la hisa la Nairobi, soma vitabu vyake, ujiulize: ningeikopesha? Nenda na jibu na sababu tatu. Swali la "tuambie kuhusu wewe" litakuwa rahisi sana baada ya hapo.

Safisha jina pia. Benki nyingi huangalia CRB, na mikopo ya simu uliyoisahau inaweza kukuaibisha hapo. Panga HELB mapema. Cheti cha maadili mema unaomba mwenyewe kwa eCitizen.

Na hii iweke kwa roho: benki ya ukweli haikuitishi pesa ndiyo ikupe kazi. Hakuna pesa ya "medical", ya "fomu" ama ya "kushikilia nafasi" inayotumwa kwa nambari ya mtu. Ukiitishwa hata finje, huyo ni tapeli. Kata simu.

Doh na maisha

Mishahara hutofautiana benki kwa benki, kwa hivyo usikubali namba za mtandaoni. Angalia mambo matatu. Makarani hujadiliwa mshahara na chama chao, BIFU, na chama cha wenye benki. Mameneja hujijadilia wenyewe. Pili, wafanyakazi wa kudumu hupata mikopo ya nyumba na gari kwa riba ya chini kuliko ya soko, na hiyo wakati mwingine ni tamu kuliko mshahara wenyewe. Tatu, hiyo utamu ina mtego: ukiacha kazi, mara nyingi riba inarudi ya soko. Wasee wengi wamekwama kwa kazi wasiyoipenda kwa sababu ya nyumba.

Ile stori ya sahihi

Rudi kwa milioni 300 zetu. RM alisaini ziara. Mchambuzi alisaini hesabu. Riski, wakili, tredi, malipo, kila mmoja alisaini. Siku moja faili itafunguliwa, na jina lako litakuwa pale na tarehe.

Kuna siku tageti itakuwa imebaki kidogo, mwisho wa mwezi, na mkubwa atakwambia, "Weka tu sahihi, tutarekebisha kesho." Wewe ni mgeni, bado probesheni, umetuma pesa nyumbani wiki iliyopita. Hiyo ndiyo intavyu yako ya ukweli. Jibu lenye wazoefu hutumia ni rahisi: "Sawa bosi, nitumie hiyo kwa barua pepe." Mara nyingi barua pepe haiji. Na ikija, andika kwa ripoti kile uliona, venye ulikiona.

Kaunta ama orofa ya kumi, hiyo haibadiliki. Mkopo hulipwa ama huchomeka, mabosi huhama, benki huungana na kubadilisha rangi ya bango. Sahihi yako utabaki nayo.